Kigari Kilichokwenda Bushimbe

Goma, Keshero. Jumapili, tarehe 11 Septemba 2022. Mwaka wa kumi na tano nje ya Bushimbe.

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha asubuhi, tukatoka misani tukinuka vumbi lililolowa. Naanza daftari hili kwa sababu ya ubishi. Mhandisi mmoja wa maji, Mbelgiji, alipokuwa akirudi kwao alituachia vigari viwili vya kuendeshwa kwa rimoti, kila kimoja kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Mimi nilichukua cha nitro, chenye injini ndogo inayochoma mafuta yake maalumu. Émile alichukua cha umeme, chenye betri. Tangu wakati huo, kila Jumapili tunavikimbiza kwenye uwanja wa mawe ya volkano nyuma ya shule, na kila Jumapili tunabishana kipi ni bora.

Nilifundisha fizikia miaka mingi kule Masisi, kwa hiyo ubishi usio na vipimo unanikera. Msimu huu wote wa mvua nitapima na kuandika. Noeli ikifika nitatoa hukumu.

Émile ni jirani yangu tangu Bushimbe, kijiji chetu cha milimani Masisi. Yeye ni seremala. Tulishuka pamoja mwaka 2007 tukikimbia vita, tukisukuma chukudu moja, baiskeli ya mbao aliyoichonga mwenyewe, juu yake magodoro, vitabu vyangu na bibi yake mgonjwa. Sasa anauza mbao, na kwa ajili ya mbao anakwenda barabara ya Sake mara kwa mara. Mimi siendi popote. Mapafu yangu hayataki pikipiki za milimani.

18 Septemba

Umeme umepata alama ya kwanza. Hapa tulipo hewa ni nyepesi, na injini ya nitro inaishi kwa hewa. Inabidi nipunguze mafuta kwa bisibisi, kidogo kidogo, nikisikiliza. Betri haijui habari ya mwinuko. Émile anabonyeza, kigari kinaruka kama panya aliyeona paka.

Nitro imepata ya pili. Mafuta yakiisha najaza, nusu dakika, naendelea. Betri yake ikiisha tunakaa juu ya jiwe tukisubiri chaja, ikiwa umeme haujakatika.

"Prof, ile yako inakunywa sawa vile mulevi," ameniambia, "na inapiga kelele sawa vile mulevi."

Nikamjibu kwamba mlevi angalau unajua alipo.

22 Septemba

Mvua. Hakuna kitu.

25 Septemba

Leo cha Émile kilikuwa kinaongoza, kikasimama katikati ya uwanja bila dalili yoyote. Betri ilikuwa imefika chini, na ule ubongo mdogo wa ndani ukakata umeme ili kuilinda. Injini yangu inapokaukiwa mafuta sauti inapanda, inakuwa nyembamba, moshi unapungua. Una muda wa kukimbia na kuiokoa. Nimeandika hivi: nitro inaaga, umeme hauagi.

Nyumbani kwa Émile tumekula maharage. Julienne, mkewe, anajua kupika kwa kuni mbichi bila kulia. Nyumba yao ndiyo nyeupe kuliko zote mtaani, na juu ya ardhi hii nyeusi inaonekana kutoka mbali kama jino. Nilimtania Julienne kwamba ndege za mashirika ya misaada zitatua kwake zikidhani ni ofisi. Alicheka, akaenda kuchochea moto.

3 Oktoba

Bénita amepiga simu kutoka Butembo. Ni mwanangu wa pekee aliyebaki. Tangu aolewe ananiita kwake, na kila mwaka namjibu kwamba mwakani, barabara ikitulia, nitapanda kwetu kwanza. Sasa amesema, bila hasira, kwamba chumba kile cha uani hawezi kukiacha kitupu daima. Nisipokuja Noeli hii atamweka mpangaji.

"Papa, unangojea nini?"

Nilimwambia ninachongojea. Nyumba yangu imesimama. Mti wa avoka unazaa. Kaburi la mama yake, Angèle, linapaliwa na kupakwa chokaa kila tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote, kama ilivyo desturi yetu, kwa sababu kila mwaka nampa Émile mfuko wa chokaa na yeye anapanda hadi Bushimbe anapofuata mbao. Kila mwaka anarudi na avoka za mti wangu. Mwaka juzi nilimtumia Bénita nne kwa ndege, kwa mkono wa sista mmoja. Mtu mwenye nyumba, mti na kaburi hawezi kusema hana kwao.

Kisha akasema sawa, Papa.

9 Oktoba

Mafuta ya nitro yamebaki chupa moja na nusu. Yalikuwa yanatoka Kampala kwa njia ya Bunagana, mpakani, na Bunagana tangu Juni iko mikononi mwa waasi. Émile ananiambia petroli ya kawaida ingefaa. Haifai. Huu ni mchanganyiko wa methanoli, nitro na mafuta ya nyonyo, ndiyo maana moshi wake unanukia kama kikaango.

16 Oktoba

Wazo limenijia wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe.

Yule Mbelgiji aliacha pia kamera ndogo, kama kiberiti. Kama ingefungwa juu ya kigari, kigari kikapita kwenye njia ya kwetu kutoka barabarani hadi kaburini, ningeona. Si kusimuliwa: kuona, kwa urefu wa nyasi. Simu ya Émile haina kamera ya maana, na mtu anayesimama kilimani akipiga picha anaulizwa maswali. Kigari kinapita chini ya ua bila kuulizwa.

Tumejaribu vyote viwili. Cha nitro kinatetemeka hivi kwamba picha inakuwa uji. Cha umeme kimetoa picha tulivu, kila kokoto na kila jani. Tena hakina sauti. Mimi mwenyewe, mtetezi wa nitro, nimeandika leo kwamba kwa kazi hii umeme ni bora, hakuna ubishi.

Émile hakufurahia ushindi wake. Alisema kigari kitaharibika, mvua, matope. Nilimwambia nitakifunga vizuri na mpira wa baiskeli. Akasema njia si nzuri siku hizi. Nilimuuliza kama hatapanda mwaka huu basi. Akatazama rimoti.

"Nitapanda, Prof. Nilishapandaka kila mwaka."

23 Oktoba

Mvua kubwa. Matopeni klachi ya nitro inateleza. Umeme hauna klachi. Alama moja kwa umeme.

28 Oktoba

Watu wanafika kwa maelfu upande wa Kanyaruchinya, na magodoro kichwani, kama sisi mwaka ule. Wanasema kambi ya jeshi ya Rumangabo haitakaa. Nimewasha injini uwanjani, mama mmoja aliyekuwa akipita na vyombo vyake amelala chini, vyombo vikamwagika. Nilizima, nikaenda kumwinua.

"Samahani, Papa. Tulizania ni masasi."

Yeye ndiye aliyeniomba samahani. Sitaiwasha tena hadi watu hawa wapate kulala.

30 Oktoba

Nimekiandaa kigari cha Émile. Nimekifungua chote. Nimesafisha giya kwa mswaki na petroli hadi shaba ikang'aa, nikapuliza kila kona, nikafunga sehemu za umeme kwa mpira. Hakina hata punje ya Goma ndani yake. Nilitaka kiende kwetu kisafi, kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Nimempa pia mfuko wa chokaa. Safari hii niliufunga mdomo kwa kipande cha kitenge cha Angèle, cha buluu chenye samaki, kile cha mwisho nilichokuwa nacho. Nilimwambia akiache pale, chini ya jiwe.

31 Oktoba

Ameondoka kwa pikipiki saa moja asubuhi. Julienne alisimama mlangoni na hakumpungia mkono.

2 Novemba. Siku ya Marehemu

Misa. Nimesema jina la Angèle. Leo Émile yuko pale.

5 Novemba

Amerudi.

Niandike polepole. Tulikaa kwangu, yeye kwenye kiti, mimi kitandani, kompyuta ya shule anakofundisha Julienne juu ya meza. Picha ilianza na giza, kisha vidole vya Émile, kisha nyasi. Nyasi ndefu zenye umande, zinafunguka mbele ya magurudumu kama watu wanaompisha askofu. Kigari kiliyumba, kikapanda, kikapita kando ya jiwe. Sikuitambua njia, lakini nani anaitambua njia yake kutoka urefu wa kuku? Nilijiambia: hapa ni chini ya kwa Papa Bahani. Hapa ni pale maji yanapokatiza. Nilisema kwa sauti, na Émile kila mara akajibu eeh.

Kisha msalaba. Wa mbao, mpya. Émile alisema ule wa zamani mchwa waliumaliza, akauchonga mwingine palepale. Kigari kilisogea hadi kikasimama, na herufi zikajaa kioo, nyeupe, za chokaa: ANGÈLE.

Nililia kama mtu anayekohoa, siwezi kuacha. Émile alitoka nje akasimama kwenye mvua. Nilidhani ananiheshimu.

Ameniletea avoka sita.

Nimempigia Bénita, nikamwambia akipangishe chumba. Nimemwambia: nimeona kwa macho yangu. Mwakani napanda.

6 Novemba

Émile hakuja uwanjani. Amechoka na safari.

Nimekichukua kigari chake nikisafishe, kwani betri ya lithiamu ukiiacha na unyevu inavimba. Nimekifungua juu ya gazeti. Ndani ya giya, kati ya meno, mlikuwa na changarawe nyeusi. Nyingine imekwama kwenye ekseli, nyingine chini ya betri. Nyepesi, yenye vitundu, inakwaruza kidole. Lava.

Bushimbe ni udongo mwekundu. Msimu huu udongo wetu unashika kiatu hadi unakivua. Kigari kilichopanda kutoka barabarani hadi kwangu mwezi wa kumi na moja kingerudi kama tofali. Hiki hakina chembe nyekundu. Nimetafuta kwa miwani na tochi.

Labda alikiendesha hapa Keshero aliporudi, kabla ya kunipa. Labda mvua ya njiani iliosha wekundu wote.

7 Novemba

Changarawe iko ndani ya kikombe, juu ya kabati. Maji hayatoi udongo ndani ya giya na kuacha kokoto.

9 Novemba

Nimeiangalia picha tena, bila machozi. Nyasi ni nyasi. Lakini magurudumu yanaporusha kitu, kinachorushwa ni cheusi, na kinagonga bodi kwa sauti kavu. Jumamosi niliisikia sauti hiyo, nikadhani ni moyo wangu.

10 Novemba

Nimekutana na Émile kwenye duka la misumari. Nilimuuliza kama matope ya kwetu yalimsumbua. Akasema yalimsumbua sana, magurudumu yalijaa. Nikauliza ni mekundu bado? Akacheka, akasema udongo hauhami, Prof.

Nimerudi nyumbani na misumari ambayo sikuihitaji.

13 Novemba. Jumapili

Baada ya misa nimekwenda kwa Émile kumrudishia kigari, na kile kikombe mkononi.

Julienne alikuwa nje, amevaa nguo mbovu, anapaka ukuta. Ndoo ya chokaa iliyokorogwa, brashi ya mkonge, nusu ya nyumba tayari inang'aa. Kando ya ndoo ulilala mfuko mtupu, na mdomoni mwa mfuko kile kitenge cha buluu chenye samaki, bado kimefungwa fundo langu. Alikuwa ameupasua mfuko ubavuni.

Nilikiangalia kitenge kwa muda. Yeye aliona ninachokiangalia. Hakujifanya.

"Muzee," alisema, "mimi nilimuambia. Kila mwaka nilimuambia."

Kila mwaka. Nyumba nyeupe kama jino. Na mimi niliisifu, Novemba baada ya Novemba, nikala maharage ndani yake.

Émile alitoka. Nilimwaga changarawe mezani, chini ya upenu. Aliitazama kama fundi anavyotazama ufa, akajua mara moja.

"Ulifika wapi?"

"Sake."

"Na miaka mingine?"

"Sake." Akavuta kiti lakini hakukaa. "Mwaka wa deux mille onze, miaka kumi na moja sasa, ule ndiyo nilifika. Nilikuta seng'enge tangu mutoni mpaka juu. Ngombe, Prof. Ngombe za mutu mukubwa, sikumujua. Avoka balikata. Nyumba hakuna hata jiwe. Makaburi balilima, kisha majani yakaota, kisha ngombe. Mulinzi alinifukuza na fimbo. Nilishuka nikisema, nikifika nitamuambia."

"Hukuniambia."

"Nilikukuta kwa mulango. Ulinyoa ndevu. Ulivaa koti ya misa sababu ya kunipokea. Uliuliza, kaburi iko muzuri? Nikasema iko muzuri."

"Na mwaka uliofuata?"

"Mwaka uliofuata uliuliza kama avoka ilizaa. Nikasema ilizaa. Ulifurahi sawa mutoto. Sasa nitafanya nini? Nikaenda soko ya Sake."

Nilimuuliza ni kaburi la nani. Hakunielewa, au hakutaka. Nikarudia: lile lenye jina la mke wangu, ni la nani?

"Halikuwa na jina. Liko pembeni, kwa shemeji yangu. Musalaba nilichonga mimi mwenyewe, siku mbili nzima. Muti wa muzuri, libuyu." Akakunjua mikono, akanionyesha. Kidole gumba kilikuwa bado na jeraha. "Herufi niliandika na chokaa yako. Kiganja moja tu."

Na iliyobaki, ukutani.

Nilitaka kumwambia mambo mengi, nikamwambia mawili. Nilimwambia kwamba miaka kumi na moja mwanangu ananiita, na mimi namjibu kwa avoka za soko la Sake. Nilimwambia kwamba juma lililopita nimetoa chumba changu cha mwisho duniani kwa ajili ya msalaba wake mzuri.

Hapo ndipo alipokaa. "Nilizania utakufa," alisema.

"Ningelia. Kisha ningeenda Butembo."

Julienne alikuwa amesimama na brashi, chokaa ikidondoka kwenye miguu yake. Nilifungua fundo la kitenge, nikakitia mfukoni, nikarudi nyumbani.

14 Novemba

Sikutoka.

15 Novemba

Sikutoka. Mvua.

20 Novemba

Amekuja langoni, ameleta betri yake iliyovimba, ati niitazame. Nilimwambia kupitia lango kwamba betri iliyovimba haitibiwi. Inazikwa kwenye mchanga, mbali na nyumba. Alisimama kidogo na betri mkononi, akaondoka.

Najaribu kukumbuka dalili za miaka yote hii. Sauti iliyopanda, moshi uliopungua. Hakuna. Alipanda barabara ya Sake, akashuka, akanitazama usoni, akaniuliza habari za kifua changu. Alinitunza vizuri kabisa. Nilipougua malaria ndiye aliyenibeba hospitali mgongoni. Nikisema hakunipenda nitakuwa mwongo wa pili. Lakini alichonga uongo wake kama anavyochonga kila kitu, bila pengo, na akaniacha niishi ndani yake kama kwenye nyumba.

23 Novemba

Nimempigia Bénita. Nimemweleza yote, bila kupunguza. Nilisikia watoto wake nyuma. Mpangaji amekwisha kulipa hadi Pasaka. Akasema: "Utalala na batoto, Papa. Batafurahi." Mimi niliyekuwa na kilima kizima.

Barabara ya Rutshuru haipitiki. Nitakwenda kwa ndege hadi Beni, kisha kwa gari hadi Butembo.

4 Desemba

Nimekwenda Sake.

Nilipanda pikipiki pamoja na mapafu yangu, polepole, kitambaa mdomoni. Shemeji ya Émile, mzee mpole, alinionyesha mahali bila kuuliza kitu. Nadhani alikwisha kuambiwa. Ni pembeni ya shamba la mihogo, juu ya lava ya zamani, nyasi zimeota kwenye nyufa. Niliijua njia yote. Jiwe, mteremko, jiwe. Hata mahali kigari kilipoyumba.

Msalaba ni mzuri. Niseme ukweli wa kipimo: ni kazi bora kuliko ule wa kwanza aliotuchongea Bushimbe.

Nilikuwa nimechukua chupa ya maji na ule mswaki wa giya. Niliinama, nikasugua A, kisha N, na zilizofuata. Chokaa ilitoka kirahisi, mvua ilikwisha kuila. Mtu aliyelala pale ana jina lake, hata kama hakuna anayelijua, na Angèle hayupo pale. Nilipopiga magoti niliwaza kwamba mahali fulani ng'ombe wanalala juu yake, na kwamba angalau ng'ombe wana joto. Kisha nikapalilia, kwa sababu Novemba ilikuwa imepita na hakuna aliyempalilia huyu.

Kutoka pale barabara ya Masisi inaonekana, inapanda nyekundu kati ya migomba. Mwenye pikipiki aliniuliza kama tunaendelea juu. Nikamwambia tugeuze.

11 Desemba

Hukumu niliyoahidi, kabla ya kufunga mizigo. Kwa nguvu, kwa usafi, kwa mwinuko huu na kwa amani ya majirani, umeme unashinda. Nimepima na ndivyo ilivyo. Nitro inashinda kwa jambo moja tu, inakuambia inapokufa. Kila mtu achague anachohitaji.

18 Desemba. Jumapili

Ndege ni kesho. Haichukui betri za lithiamu, haichukui mafuta ya nitro.

Nimemwaga mafuta yaliyobaki, nikaweka matone ya mafuta mazito ndani ya injini na kuizungusha kwa mkono, maana injini ya nitro ukiiacha kavu inaoza kutoka ndani. Nimekipeleka kwa Émile. Alikuwa ndani, nilisikia kiti kikisogea. Nilikiweka mlangoni, juu ya gazeti, pamoja na bisibisi, nikamwambia Julienne amwambie kwamba hiki ni cha kusikilizwa, si cha kutazamwa. Nusu ya ukuta wao bado haijapakwa.

Julienne alinifuata hadi njiani akaniuliza kama nitarudi siku moja, nchi ikitulia.

Nchi ikitulia, ng'ombe watakuwa bado wamelala pale. Sitarudi Bushimbe.